Kitani na Katani

Barabara ya Kumi na Nne, Ngamiani, mlango wa buluu.
Bei ziliandikwa ukutani kwa chaki:
kichwa na mabega, elfu kumi na tano;
mpaka kiunoni, elfu ishirini na tano;
mikono hulipiwa peke yake, maana vidole vina inda.
Mjomba wangu, Fundi Mhina Sekiteke,
alichora mahujaji, wajane, mameneja wa benki,
na kocha mmoja aliyeipandisha timu daraja, kisha akaishusha.
Mimi nilichora vifungo.
Vifungo vyote vya waheshimiwa wa Tanga wa miaka ile ni vyangu.
Hakuna aliyejua, wala sikudai.

Siku moja mkokoteni ukaleta picha kutoka Ngomeni,
nyumba ya meneja wa shamba la mkonge, iliyopigwa mnada
pamoja na vitanda na jenereta.
Bibi wa Kiingereza, wa miaka mia mbili na ushei,
kavaa hariri ya rangi ya maziwa mgando,
kakaa kama anayesubiri kusifiwa.
Pembeni, nusu gizani, mtoto mweusi
kashika sinia la zabibu,
shingoni ana pete ya fedha, kama ya mbwa mwenye kwao.

Mnunuzi alikuwa na hoteli Raskazone. Akasema:
"Muoshe bibi. Huyo dogo mzibe kwa pazia.
Wageni wanakula pale, hawataki maswali."
Akaacha nusu ya malipo.

Mjomba akaigeuza, akainusa turubai kwa nyuma.
"Kitani," akasema. "Sisi tuna katani.
Irabu moja tu imetutenganisha. Na bahari. Na mengineyo."

Wiki nzima alimsoma yule mchoraji
kama mtu asomaye barua isiyo yake.
"Uso kauchora mwenyewe, asubuhi, akiwa ameshiba.
Gauni si mkono wake, huyu ni kijana wake wa kazi.
Tazama anavyoihangaikia mikunjo, masikini, anataka aonekane."
Akanitazama. Nikajifanya naosha brashi.
"Na hapa mdomoni alikuwa anadaiwa kodi, kaharakisha."

Lakini bibi alikuwa kapauka kama maiti.
Si ugonjwa, mjomba alisema, ni rangi:
nyekundu ile ya gharama, ya wadudu waliopondwa,
huogopa mwanga.
Huondoka kidogo kidogo, haiagi.
Mtoto hakupauka hata chembe.
Yeye alichorwa kwa udongo,
na udongo hauna pa kukimbilia.

Siku ya saba akachanganya pazia.
Hakugusa mafuta. Alichukua chokaa,
uji wa muhogo, na buluu ya kufulia.
"Mjomba, hii si itatoka kwa maji?"
"Nimeambiwa nichore pazia. Pazia hufunguliwa."
Ila kabla ya kulishusha alikaa na yule mtoto
toka adhuhuri mpaka taa,
akamchora kwenye daftari langu la hesabu, bila ile pete.
Jina hakulijua, hakumbandika la uongo.
Chini aliandika: *mpaka kiunoni, na mikono. Imelipwa.*

Alikufa mwaka wa mvua nyingi.
Sura yake hakuiacha; alidai hana pesa za kujilipa.

Juzi nilikwenda Raskazone, kikao cha harusi ya binti wa jirani.
Bibi yupo, juu ya kaunta ya mapokezi, kapauka tena,
na ubavuni mwake ile buluu, haijaguswa na mtu.
Wenzangu walikuwa wanabishania idadi ya kuku.
Nikalowesha leso kwa maji ya chupa, nikapanda kiti,
nikafuta mahali padogo, upana wa kidole gumba.

Jicho moja.
Lilikuwa linaniangalia kabla sijaliangalia.

"Dada," msichana wa mapokezi akaniita, "unatafuta nini huko juu?"
Nikashuka taratibu, leso nimeifumbata.
Nikamwambia kuna kifungo kimelegea.